Picha ya Skrini Nzima au Picha Nzima ya Skrini? Mchoro, Istilahi na Ushahidi wa Lugha kutoka Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Mada niliyoichagua jioni hii huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mtu aliyetumia zaidi ya miaka thelathini akifundisha mofolojia na sintaksia ya Kiswahili ana shughuli gani na kompyuta za wachora ramani? Naomba mnivumilie. Nitaeleza jambo dogo la kiufundi, yaani namna ya kupata picha ya skrini yote kutoka katika programu ya kuchorea ramani, na nitaeleza jinsi jambo hilo dogo lilivyotaka kutuharibia kazi ya miaka mitatu. Chanzo cha matatizo yetu hakikuwa mashine peke yake. Kwa sehemu kubwa kilikuwa ni kirai nomino nilichokitamka mimi mwenyewe kwa simu.

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza kikundi kidogo cha wanafunzi waliokusanya majina ya sehemu za nyumba, shamba na chombo cha majini katika nyanda za juu za Mbinga, kisha wakateremka ziwani na kufuata mwambao kutoka Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay. Wakati huo mwambao huo wote ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa iliundwa baadaye, mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mbamba Bay. Kule juu wanakaa Wamatengo, ambao lugha yao imebahatika kupata msamiati uliochapishwa na Nobuko Yoneda huko Tokyo mwaka 2006. Kule chini husikika Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, na juu ya hizo zote Kiswahili. Msamiati wa aina hii haufafanuliki vizuri bila mchoro. Unaweza kuandika ukurasa mzima kueleza ngoro ni nini, na msomaji wa Lamu au wa Bukavu asione chochote.

Hebu tujaribu hata hivyo. Ngoro ni kilimo cha mashimo kwenye miteremko mikali. Nyasi hufyekwa kwa nyengo mvua zikiwa bado zinanyesha, zikaachwa zikauke kidogo, kisha zikapangwa kwa mistari inayokatizana hadi mteremko ukagawanyika katika miraba. Hapo udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa kwa jembe na kufukiwa juu ya zile nyasi. Kinachobaki ni shimo katikati na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Maji ya mvua huingia shimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Kufyeka ni kazi ya wanaume kwa desturi. Kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliushughulikia mfumo huu kwa kina kuanzia miaka ya 1990, wakauhusisha na ntambo, yaani mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito ambao ukoo huutumia kama eneo lake la kuishi na kulima. Nimetumia sentensi nyingi, na bado nina hakika kwamba mchoro mmoja wa shimo lililokatwa ubavuni ungenisaidia zaidi.

Ndiyo maana kikundi chetu kilikuwa na vijana wawili waliosomea uchoraji ramani katika chuo cha ufundi. Walichora kwa AutoCAD, programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo wachora ramani wa Tanzania wanaijua kuliko nyingine yoyote. Walichora ngoro, walichora nyumba, na huko ziwani walichora mtumbwi. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, na mtambo wangu haukuwa na programu hiyo. Nikawapigia simu: “Nitumieni picha ya skrini nzima.”

Utata wa ngeli

Nililetewa vitu viwili tofauti. Kijana wa kwanza alituma picha ya kila kilichoonekana mbele yake: mchoro, safu za vitufe, orodha ya matabaka, mstari wa kuandikia amri na hata saa ya kompyuta pembeni. Wa pili alituma mchoro peke yake, ameukata pande zote ili ubaki mzima bila takataka za skrini. Nilimkaripia wa kwanza. Naye, kwa adabu zote, akanijibu: “Shikamoo Mwalimu. Ulituambia skrini nzima, nami nimekuletea skrini nzima.”

Alikuwa na haki, na mwenzake pia alikuwa na haki. Tazameni kirai chenyewe. Neno “picha” limo katika ngeli ya I-/ZI-. Neno “skrini”, kama yalivyo maneno mengi tuliyoyakopa karibuni, nalo limeingia katika ngeli hiyohiyo. Kivumishi “-zima” kikija mwishoni huchukua umbo “nzima” kwa nomino zote mbili. Kwa hiyo “picha ya skrini nzima” ina miundo miwili: picha ya [skrini nzima], na [picha ya skrini] nzima. Kwa muundo wa kwanza ninadai kila kilichomo kwenye skrini. Kwa muundo wa pili ninadai picha isiyopungua, na mtu anayeijali picha atauona mchoro kuwa ndio picha.

Sasa badilini neno moja. Waandishi wetu kadhaa wamependekeza “kiwambo”, au “kiwamba”, mahali pa “skrini”. Neno hili si la kutungwa hewani. Kuwamba ni kuvuta na kukaza kitu juu ya fremu. Tunawamba ngozi ya ngoma, tunawamba kitanda kwa kamba. Kitu bapa kilichokazwa ndani ya fremu ni kiwambo, na walimu wa baiolojia wamekwisha kulitumia neno hilo kwa utando unaotenga kifua na tumbo. Uzuri wake lakini hauko katika maana tu. Uko katika ngeli. “Picha ya kiwambo kizima” haina njia nyingine ya kueleweka isipokuwa kiwambo chote. “Picha nzima ya kiwambo” ni kitu kingine, na kiambishi kimetutenganishia mambo bila maelezo ya ziada. Tukisema “mchoro” badala ya “picha”, tunapata tena upatanisho wa aina ya tatu: “mchoro mzima”.

Nimewahi kuwa miongoni mwa wale waliodhani kwamba ubishi wa “kompyuta”, “tarakilishi” na “ngamizi” ni wa watu wasio na kazi. Watumiaji waliamua, na wakachagua “kompyuta”. Sitaki kuufufua ubishi huo. Ninachosema ni kwamba tunapopima istilahi hatuna budi kuuliza pia itaingia ngeli gani na itakaa karibu na nomino zipi. Lugha iliyojaza ngeli moja kwa mikopo hupoteza, katika uwanja huo, chombo cha kutofautisha ambacho Kibantu kimetupa bure. Katika kazi ya kutafsiri programu za kompyuta iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya mradi wa Kilinux, ambayo ilizaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, vishazi vifupi vya kwenye menyu ndivyo vilivyokuwa uwanja wenyewe. Menyu haina sentensi ya pili ya kukufafanulia. Ina maneno mawili au matatu, na maneno hayo lazima yajitegemee.

Kinachotokea unapobonyeza

Kabla ya kusema neno gani linafaa kwa tendo lenyewe, inafaa tujue tendo ni lipi. Kwenye kibodi kuna kitufe kilichoandikwa kwa kifupi PrtSc. Kompyuta binafsi ya IBM ilipotoka mwaka 1981, kitufe hicho kilifanya kweli kile kilichoandikwa: kilipeleka maandishi ya kwenye skrini moja kwa moja kwa printa, yakachapwa kwenye karatasi. Ilipokuja Windows, kitufe kilibaki na jina lakini kikabadili kazi. Kikawa kinanakili picha ya skrini na kuiweka katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mtumiaji alitakiwa kuibandika kwenye programu ya picha na kuihifadhi. Ukikibonyeza pamoja na Alt unapata dirisha moja tu lililo wazi mbele. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukikibonyeza pamoja na kitufe cha Windows, picha ya skrini yote hujihifadhi yenyewe. Hakuna karatasi inayoguswa. Mtu anayetafsiri jina la kitufe hicho kuwa “chapa skrini” anatafsiri tendo lililokufa zamani.

Wengi siku hizi husema “kunasa skrini”. Nalipenda neno hili kwa sababu ya nasaba yake. Ndege hunaswa kwa ulimbo, samaki hunaswa kwa wavu, na tumekwisha kuzoea kunasa sauti. Wavuvi wa Liuli hawatahitaji kamusi. Tatizo ni kwamba kitenzi “nasa” kina sura mbili: mtu hunasa samaki, na wavu wenyewe hunasa kwenye mwamba. Mwanafunzi akiniandikia kwamba “skrini imenasa”, nitaelewa kwamba kompyuta yake imekwama. Kwa hiyo mimi binafsi naona “kupiga picha” kunatosha: kukipiga kiwambo picha. Msiogope kwamba hapana kamera. Tunapiga simu, tunapiga pasi, na hakuna anayeumia.

Ndani ya programu ya kuchorea kuna jambo la kuangalia kabla ya kubonyeza. AutoCAD hukuruhusu kuondoa safu za vitufe na vibao ili mchoro upate nafasi zaidi, kwa kubonyeza Ctrl pamoja na sifuri. Yule kijana wangu wa pili angefanya hivyo angepunguza kazi ya kukata. Rangi ya nyuma nayo, ambayo kwa kawaida ni nyeusi au ya kijivu kilichokolea, ibadilishwe kuwa nyeupe, ama sivyo mchapaji atakuletea ukurasa ulioloa wino. Na picha ihifadhiwe kwa muundo wa PNG. Muundo wa JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kupotosha kidogo maeneo yenye mpaka mkali kati ya rangi na rangi, na mchoro wa mistari hauna kitu kingine isipokuwa mipaka mikali. Hayo ndiyo ya kiufundi, na fundi yeyote atawaambia kwa dakika tano.

Mtumbwi uliogeuka mashua

Fundi huenda asiwaambie hili linalofuata, kwa kuwa kwake si tatizo. Faili la mchoro huhifadhi mstari kwa kuhifadhi mahali unapoanzia na mahali unapoishia. Pinde huhifadhiwa kwa kitovu chake, nusukipenyo chake na pembe zake. Skrini haiwezi kuonesha vitu hivyo; inaonesha nukta zenye rangi. Unapokipiga kiwambo picha unachukua nukta, na maarifa ya mchoro unayaacha ndani ya kompyuta.

Skrini tuliyokuwa nayo ilikuwa na nukta 1,024 kwa upana na 768 kwa kimo. Kitabu kinachodai nukta 300 kwa kila inchi kitaichapa picha hiyo kwa upana usiofika sentimita 9. Kwa michoro ya mistari wachapishaji wengi hudai 600 au zaidi, na hapo upana unashuka hadi sentimita 4.3 hivi. Skrini za siku hizi ni kubwa zaidi, lakini hesabu ni ileile. Tuchukue mtumbwi wa mita 5 ulioenea nukta 1,000. Kila nukta inasimama badala ya milimita 5 za mti. Ubavu wenye unene wa sentimita 3 unapata nukta sita. Mkato mdogo wa shoka wa milimita 4, ambao kwa mchongaji una jina lake, haupo tena.

Lililotupata lilikuwa baya zaidi. Ili kuonesha pinde kwa haraka, programu huzichora kwenye skrini kwa vipande vifupi vya mistari iliyonyooka. Ukivuta mchoro karibu bila kuiambia programu ichore upya, pinde inaonekana na pembe. Ndani ya faili pinde ni pinde. Kwenye kiwambo ni mwanambuzi aliyekonda, mifupa imetokeza. Kijana wetu alivuta karibu gubeti la mtumbwi, akapiga picha, akatuma. Tukaibandika kwenye rasimu chini ya fasili isemayo kwamba mtumbwi huchongwa kutoka katika gogo moja. Rasimu ikaenda kwa msomaji wa kitaalamu. Maoni yake yalikuwa mafupi: fasili yasema gogo moja, mbona mchoro waonesha chombo kilichoungwa kwa mbao?

Wanaleksikografia waliomo humu wataona uzito wa swali hilo. Tofauti kati ya chombo kilichochongwa na chombo kilichoungwa ndiyo inayoutenga mtumbwi na mashua. Ni sifa bainishi ya fasili, na picha yetu iliikanusha mbele ya macho ya msomaji. Mtu akiona maneno na picha vinapingana ataiamini picha.

Kosa la pili lilikuwa la vipimo. Kwenye kona ya mchoro wa ngoro vijana waliandika, kama walivyofundishwa, kizio cha 1:50. Shimo na tuta lake lenye upana wa mita 2 linapaswa basi kuwa na sentimita 4 kwenye karatasi. Lakini picha ya kiwambo haina kizio chochote; ukubwa wake unategemea skrini, na mchapaji huibana hadi iingie kwenye safu. Katika rasimu yetu ilitokea na sentimita 2. Msomaji mwenye rula angepiga hesabu na kupata ngoro ya mita 1, akaijenga hoja yake juu ya hapo. Tangu siku hiyo nakataza kuandika uwiano kwenye mchoro utakaopigwa picha. Chora kipande cha mstari pembeni, uandike chini yake “mita 1”. Mchoro ukipungua, mstari hupungua nao, na ukweli unabaki.

Mchoro wa kuchapwa kitabuni, kwa hiyo, usitoke kwenye kiwambo kabisa. Utolewe na programu yenyewe kwa amri ya kuchapa, ukielekezwa kwenye faili la PDF badala ya karatasi; hapo mistari hubaki mistari, unene wake huwa ule ulioagizwa, na pinde hazikondi. Kwa Kiswahili napendekeza tutenge majina: “picha ya kiwambo” kwa kile kinachopigwa, na “mchoro toleo” kwa kile kinachotolewa na programu. Mkiwa na jina bora kuliko hilo la pili nitalipokea. Si zuri sana.

Yaliyobaki

Ningeweza kuishia hapo, ila kuna deni. Kompyuta iliyotunza mafaili yetu ya awali iliharibika katika mwaka wa mwisho wa kazi, na nakala tuliyoambiwa ipo haikuonekana. Mchoro wa mtumbwi ulipotea. Mzee mchonga mitumbwi wa karibu na Liuli, aliyewatajia vijana jina la kila sehemu akiigusa kwa kidole, alikuwa amekwisha kufariki. Daftari la mahojiano lilikuwa na majina hayo, lakini kwa mpangilio wa mazungumzo, na katika sehemu nne hatukuweza kujua jina lipi ni la kitu kipi.

Tulibaki na picha mbili. Ile safi ya kijana wa pili ilitupa umbo la mtumbwi lenye pembe zisizokuwapo, na zaidi ya hapo haikusema kitu. Ile niliyoikaripia ndiyo iliyozungumza. Upande wa kushoto, ndani ya orodha ya matabaka ambayo mimi niliiita takataka, kijana alikuwa amelipa kila tabaka jina la sehemu iliyochorwa humo, kama mzee alivyolitamka, na mbele ya kila jina kulikuwa na mraba mdogo wa rangi. Rangi zilezile zilikuwa kwenye mistari ya mchoro. Kwenye mstari wa amri, chini kabisa, kulikuwa bado na kipimo cha mwisho alichokipima kabla ya kubonyeza. Kwa picha hiyo tuliyarudisha majina matatu kati ya manne mahali pake.

La nne halikurudi. Tabaka lake lilikuwa chini ya mwisho wa orodha iliyoonekana. Ilihitajika kuiteremsha kidogo ili lisomeke, na picha ilipigwa kabla. Katika msamiati wetu jina hilo limeandikwa pamoja na maelezo “sehemu ya mtumbwi”, bila mchoro. Wanafunzi wanaokwenda mwambao huo msimu ujao wanayo nakala ya ukurasa ule, na nimewaomba waanzie hapo.